Nyayo Mbili Zisizolingana

Asubuhi nitokapo kunawa, kabla sijavaa viatu, huacha nyayo zangu katika mchanga wa uani. Wayo wa mguu wa kulia ni kama wa watu wengi: kisigino kimejichapa, vidole vimejichapa, na katikati, upande wa ndani, pana nafasi isiyogusa mchanga. Wayo wa mguu wa kushoto hauna nafasi hiyo. Umejaa wote, kama mahali palipowekwa mwiko wa mwashi. Watoto wa nyumbani husema kwamba baba hawezi kujificha, kwa maana mguu wake wa kushoto humsaliti kila aendako.

Sikuzaliwa hivi. Mguu huu uliharibika kwa mambo mawili, ajali na ukaidi. Ajali yaweza kumpata kila mtu, wala sina mengi ya kusema juu yake. Bali ukaidi ni kitu awezacho mtu kukikataa, na kwa ajili hiyo nataka kuwaeleza habari yake, ninyi ambao miguu yenu bado ni mizima.

Kwetu ni Gongoni, katika mji wa Tabora. Nalikuwa na umri wa miaka 31, mwalimu kijana mwenye nguvu na majivuno ya nguvu zake. Jioni moja, katika mvua za mwezi wa Machi, nalikuwa nikirudi kutoka sokoni, nimechukua begani mfuko wa mchele wa kilo 25. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na maji yalikuwa yamefunika mtaro ulio kando ya njia, hata mtaro na njia vikawa kitu kimoja machoni. Nalitia mguu wa kushoto nikidhani ni ardhi. Vidole vilifika chini vikakwama, kisigino kikabaki juu, na uzito wangu wote pamoja na uzito wa mchele ukashuka juu ya mguu uliokuwa umejikunja. Nalisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kivunjwacho ndani ya nguo. Kisha nikajikuta nimekaa katika matope, na mchele umetapakaa.

Jirani mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake alisimama akaniambia, "Pole, Mwalimu! Umeumia?"

Nikamjibu, "Aa, nimeteguka kidogo tu."

Yashikeni maneno hayo, "kidogo tu." Naliyasema nikiwa sijautazama hata huo mguu. Nalisema kwa sababu nalikuwa mtu mzima, tena mwalimu, na watu walikuwa wakinitazama.

Usiku ule mguu ulivimba hata kiatu hakikuweza kuingia. Akaitwa mzee mmoja ajulikanaye kwa kukanda viungo. Alikuja kwa moyo mwema, wala hakutaka malipo. Alichemsha maji ya chumvi, akakanda, kisha akanishika vidole akavuta kwa nguvu ili, kama alivyosema, viungo virudi mahali pake. Nalikazana nisilie mbele ya watoto. Asubuhi naligeuza mguu nikaona chini kabisa, katikati ya wayo, doa lenye rangi ya zambarau iliyoiva. Nalishangaa, maana sikuwa nimepigwa mahali pale. Lakini sikumwonyesha mtu.

Hapana budi niwaeleze tabia niliyokuwa nayo wakati ule. Kila Jumatatu nalikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba mwalimu wao hajakosa kazi hata siku moja. Na mtoto aliyekosa akaja kesho yake akisema, "Mwalimu, mguu ulikuwa ukiniuma," nalikuwa nikimwandika mtoro katika daftari. Sasa niliwezaje kukosa mimi kwa sababu ya mguu? Siku ya tatu naliufunga kwa kitambaa, nikashika fimbo, nikaenda shuleni nikichechemea. Wanafunzi walinisifu kwa ushujaa, na sifa zile zilinidhuru kuliko mtaro.

Siku ya kumi nalikwenda mahali pa kutibiwa. Nalipigwa picha ya eksirei nikiwa nimelala, na mguu umetulia juu ya meza. Nikaambiwa kwamba haukuonekana mfupa uliovunjika. Nalifurahi sana, nikatoka upesi nisije nikaulizwa zaidi. Simlaumu mtu aliyenitazama, kwa maana nalimficha nusu ya habari. Sikumweleza juu ya lile doa la chini ya wayo, wala sikumweleza kwamba sikuweza kusimama juu ya vidole.

Katika wiki ya tatu uvimbe ulipungua, na katika wiki ya tano uliisha kabisa. Mguu ulikuwa ukionekana mzima, nami nikautangaza kuwa mzima. Lakini ubao wa darasani ulijua kweli. Nalikuwa na desturi ya kuandika tarehe juu kabisa ya ubao, nikijiinua kwa vidole. Sasa, kila nilipojaribu, palichoma katikati ya mguu kama msumari wa moto. Kwa hiyo naliandika tarehe chini kidogo, na wiki iliyofuata chini zaidi. Siku moja mtoto mmoja wa dawati la mbele aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mbona tarehe inashuka?" Darasa zima likacheka. Nami nalicheka, lakini moyoni naliona haya, kwa maana mtoto yule alikuwa ameugundua ugonjwa wangu kabla yangu.

Miezi mitano ilipita. Mke wangu, ambaye hupiga viatu rangi, aliniwekea kimoja mbele yangu akasema, "Baba, tazama. Kiatu cha kulia kimelika sawasawa. Hiki cha kushoto kimelalia ndani. Mguu huu unakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nalikwenda hospitali.

Daktari aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Hakuanza na eksirei. Alinivua viatu vyote viwili, akaniambia nisimame, akazunguka nyuma yangu akatazama. Kisha akasema, "Simama kwa mguu wa kulia peke yake, ujiinue kwa vidole." Nikajiinua. "Sasa wa kushoto." Sikuweza. Akabonyeza juu ya mguu, katikati, mahali ambapo kamba za kiatu hufungwa, nami nikaruka. Ndipo akaagiza nipigwe picha ya miguu yote miwili, nikiwa nimesimama wima na uzito wangu wote umeikanyaga.

Picha zilipokuja, alizishika mbele ya mwanga. Katika mguu wa kulia mifupa ilikuwa imepangana kama wanafunzi katika mstari mzuri. Katika mguu wa kushoto palikuwa na ufa kati ya mfupa wa kidole gumba na mfupa wa kidole cha pili, ufa wa milimita chache tu. Akasema, "Mwalimu, mguu wako haukuvunjika, wala haukuteguka kifundo. Umetenguka nusu, hapa katikati. Mifupa imesogea mahali pake, lakini haikuachana kabisa. Ukilala hurudiana, ukisimama huachana. Ndiyo maana picha ya kwanza haikuonyesha neno."

Nalimwomba anifundishe, nami nitawapa ninyi kama nilivyopewa.

Mguu mmoja, tangu kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 26. Kumi na minne ni ya vidole. Mitano mirefu ndiyo inayovibeba vidole hivyo. Saba iliyobaki iko nyuma, na kati ya hiyo uko mfupa wa kisigino. Mahali ambapo ile mitano mirefu hukutana na mifupa ya nyuma ndipo katikati ya mguu, na hapo ndipo palipoharibika pangu.

Tena mguu haukujengwa kama ubao. Umejengwa kama tao. Mmeliona tao la mlango wa kanisa la matofali au la mawe. Mawe ya tao huchongwa kama kabari, mapana upande wa juu na membamba upande wa chini, hata kila moja likimsukuma jirani yake lote husimama. Jiwe la katikati kabisa ndilo lifungalo yote. Likichomoka kidogo, si lazima mlango uanguke siku ile, lakini kila anayepita chini yake yumo hatarini. Katika mguu, jiwe hilo ni tako la mfupa mrefu wa kidole cha pili. Limeingia ndani kidogo kuliko wenzake, limekaa kati ya mifupa iitwayo ya kabari, nalo hufungwa huko kwa ukano mmoja wenye nguvu. Kati ya mfupa wa kidole gumba na mfupa wa kidole cha pili, pale penye matako yake, hapana ukano mwingine wa kuifunga. Kwa hiyo ukano ule mmoja ukikatika au ukivutika, tao hulegea.

Nikamwuliza, "Doa la chini ya wayo lilikuwa nini?"

Akanitazama kwa muda. "Ulikuwa na doa chini ya wayo, na hukusema?" Nikanyamaza. Akasema, "Kano zilipokatika, damu ilishuka chini, ikatokea pale. Doa lile ni kengele. Mtu akianguka, mguu ukamvimba katikati, akaona rangi ya damu chini ya wayo, asiseme ameteguka. Aje hospitali siku ile ile."

Kiungo hiki huitwa kwa jina la tabibu wa Kifaransa, Jacques Lisfranc, aliyekufa mwaka 1847. Alitumika katika majeshi ya Napoleon. Katika siku zile askari mwenye mguu uliooza mara nyingi hakuwa na dawa ila kukatwa, na Lisfranc alieleza mwaka 1815 namna ya kuukata mguu kwa kupitia kiungo hiki, pasipo kukata mfupa. Fikirini basi: kiungo kilijulikana kwanza kwa njia ya kisu cha kukatia, na leo tabibu hukitafuta apate kukihifadhi.

Daktari hakunificha neno. Kama ningalikuja katika siku za kwanza, angalichagua moja katika njia mbili. Ikiwa mifupa haijasogea, mguu hufungwa plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo, na mgonjwa hutembea kwa magongo bila kuukanyaga, kwa muda wa wiki sita au zaidi. Ikiwa imesogea, hata milimita mbili, mara nyingi hupasuliwa, mifupa ikarudishwa mahali pake na kushikwa kwa skrubu au vipande vya chuma mpaka ipone. Lakini mimi nalikuwa nimeukanyaga miezi mitano. Tao lilikuwa limelala, na kiungo kimeanza kusagika. Nalipewa kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika, na kitu cha kuinua wayo ndani yake. Nikaambiwa kwamba maumivu yakizidi, siku moja mifupa ile itaunganishwa kwa vyuma iwe kitu kimoja, isitikisike tena. Nalirudi Gongoni nikiwa nimejua thamani ya "kidogo tu."

Katika likizo iliyofuata nalikaa uani, mguu nimeuinua juu ya kigoda, nikawafikiri wazee wetu. Mji huu ulijengwa na miguu. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, vitu vilivyopita hapa kati ya pwani na Ujiji vilichukuliwa na watu mabegani na vichwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa sana kwa kazi ile. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi, na njia ilichukua miezi. Stanley aliondoka Bagamoyo na watu wake mwezi wa Machi mwaka 1871, wakafika Unyanyembe, yaani huku kwetu, mwezi wa Juni. Nami nilianguka nikiwa na kilo 25, katika mwendo wa robo saa kutoka sokoni. Mpagazi aliyetia mguu katika shimo la mnyama siku ya ishirini ya safari alikuwa na nini? Hakuwa na eksirei wala plasta. Aliufunga kwa nguo, akaendelea, au akabaki.

Tena naliukumbuka mfupa mmoja uliopita katika nchi yetu. Si mbali na mji, huko Kwihara, liko tembe alimokaa Dr. Livingstone mwaka 1872. Alikuwa na mkono wa kushoto uliovunjwa na simba huko Mabotsa, Afrika ya Kusini, mwaka 1844, na mfupa haukuunga vizuri. Alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake, wakapita nao Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874. Ulipofika Uingereza, tabibu aitwaye Sir William Fergusson alitazama mkono ule, akauona mfupa ulipovunjika, akajua hakika kuwa ndiye. Miaka 30 hivi ilikuwa imepita tangu siku ya simba, na mwenyewe amekwisha kufa, na bado mfupa ulikuwa ukishuhudia. Mtu husahau maumivu yake, lakini mfupa uliokaa vibaya hausahau.

Sasa niwaeleze juu ya mwanafunzi mmoja, kwa maana kwa ajili yake sioni hasara ya mguu wangu kuwa hasara tupu.

Miaka miwili iliyopita kijana wa darasa la sita alikuwa akicheza mpira jioni. Alikuwa amepiga goti kuuchukua mpira, vidole vimekanyaga chini na kisigino kimeelekea juu, ndipo mwenziwe akamwangukia kwa nyuma juu ya kisigino. Nilipofika, wenzake walikuwa wamemzunguka, na mkubwa wao amekwisha kumshika vidole avute. Nalipiga kelele, "Mwache!" hata wote wakashtuka. Kijana mwenyewe alikuwa akijikaza. Akaniambia, "Si kitu, Mwalimu. Ni kidogo tu."

Naliposikia maneno yale naliona baridi mwilini.

Tulimfunga mguu kati ya vipande viwili vya ubao vilivyowekwa nguo, tukamchukua kwao. Anaishi na bibi yake mzaa mama, ambaye ni mzee wa heshima, naye huuza karanga. Asubuhi yake nalikwenda mapema. Nalimwinua kijana mguu taratibu, nikaona chini ya wayo doa la zambarau.

Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Bibi. Mtoto huyu lazima aende hospitali leo."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, baba yangu, mguu wa mtoto hujirudi wenyewe. Nimelea watoto saba. Nimekwisha kutuma mtu amwite mkandaji. Huko hospitali watampasua, awe kilema, nami nitamjibu nini mama yake?"

Nalijua kwamba hasemi kwa ubishi. Alikuwa na hofu mbili, hofu ya kisu na hofu ya gharama, nazo zote mbili zilikuwa za haki. Kumfundisha habari za mifupa 26 kungekuwa kazi bure. Pale uani palikuwa na majivu yaliyotolewa mekoni. Naliyatandaza kwa ufagio, nikavua viatu na soksi mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwangu. Nikatembea hatua nne juu ya majivu.

Bibi aliinama akatazama muda mrefu. Akagusa wayo mmoja kwa kidole, kisha wa pili. Akauliza, "Huu umelala. Nani aliulaza?"

"Mimi mwenyewe, Bibi. Naliukanda, nikautembelea, nikasema ni kidogo tu."

"Na mjukuu wangu, wakimtibu, huu wake utasimama?"

Nalitamani sana kusema ndiyo. Lakini nalimwambia, "Sijui, Bibi. Daktari ndiye atakayejua. Ninalolijua ni kwamba akibaki hapa, mwisho wake ni huu unaouona."

Akasimama, akapangusa majivu mkononi. Mkandaji alipofika alimpa karanga, akamwambia kwa adabu kwamba mtoto amekwisha kuchukuliwa.

Siku ile kijana hakuweza kusimama apigwe picha, kwa ajili ya uvimbe na maumivu. Daktari alimfunga, akamwambia auinue mguu wala asiukanyage, akaagiza arudi baada ya siku kumi. Aliporudi alipigwa picha amesimama, na ufa ulionekana. Alipasuliwa, akatiwa skrubu mbili. Bibi aliuza mbuzi mmoja, na walimu tukachanga kilichopungua. Kijana alizunguka Gongoni kwa magongo kwa wiki nane, na wenzake walimtania kwamba amekuwa raia halisi wa Gongoni, kwa kuwa ana gongo mkono wa kulia na gongo mkono wa kushoto. Ilipita miezi tisa kabla ya kuruhusiwa kucheza mpira. Alilia mara nyingi, hasa jioni aliposikia kelele za uwanjani. Wala katika miezi hiyo sikumwandika mtoro hata siku moja.

Alipokwisha kupona, Bibi aliniita nyumbani kwake. Nalimkuta amekwisha kutandaza majivu yeye mwenyewe. Akamwambia mjukuu wake, "Pita." Akapita. Tukainama sote wawili. Wayo mmoja ulikuwa na nafasi yake upande wa ndani, na wa pili ulikuwa nayo vilevile, labda ndogo kidogo. Daktari ametuonya kwamba huenda mguu ukamwuma katika siku za uzee. Lakini Bibi alisema, "Huu haukulala." Kisha akanipa karanga, kibaba kizima, akakataa kabisa kupokea fedha.

Wanafunzi, yatieni haya moyoni. Mwenzenu akiumia katikati ya mguu, kwanza mzuieni asiukanyage. Pili, mvueni kiatu taratibu kabla uvimbe haujazidi, mwinulieni mguu juu ya kitu laini, na mwekeeni kitambaa cha maji baridi. Ikiwa pana barafu, ifungeni ndani ya nguo, isiguse ngozi. Tatu, msikande, wala msivute vidole, hata aliye mkubwa akiwaagiza. Mwambieni kwa heshima kwamba mguu ungoje daktari. Nne, vitazameni vidole. Vikiwa baridi, au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi saa kwa saa, msingoje kupambazuke. Tano, mfikapo kwa daktari semeni yote: namna mlivyoanguka, mlio mliousikia, doa mliloliona, na jambo msiloweza kulifanya. Mtu amfichaye daktari nusu ya habari hupata nusu ya dawa.

Leo mkioga, kanyageni kwa miguu yenye maji juu ya sakafu kavu, mtazame alama zenu. Wako watu waliozaliwa na nyayo zilizojaa, zote mbili, nao ni wazima na hukimbia kama wengine. Kwa hiyo msicheke alama ya mtu. Tazameni tu kama nyayo zenu mbili zinalingana. Zikilingana, shukuruni. Na siku moja mmoja wenu akianguka, akaulizwa kama ameumia, kabla hajajibu na autazame kwanza mguu. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikufichuliwa na kilio. Nilifichuliwa na tarehe iliyokuwa ikishuka ubaoni.